Wivu wa Mwalimu Murhula

Wapendwa, kabla sijasema neno lolote juu ya wivu, nataka niwapeleke Bukavu, kwenye ukumbi wa parokia moja, Jumamosi mchana. Viti vimejaa, na waliochelewa wamekaa madirishani. Wanamngoja nani? Wanawangoja wachekeshaji wawili, vijana wa hapo hapo mjini, Murhula na Cirhuza.

Murhula alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Mtu wa maneno. Vichekesho vyote vilitoka kichwani mwake. Mwenzake Cirhuza hakuwa na kazi ya maana, ila alikuwa na uso ambao ukiutazama tu unaanza kutabasamu. Murhula aliigiza ofisa wa forodha anayesema Kifaransa cha puani. Cirhuza akawa mzee wa kijijini anayemjibu kwa Kifaransa cha kuokoteza, nusu yake Kiswahili, huku kiti kikimkimbia kila anapotaka kukaa. Sasa niambieni, watu walikuwa wanamshangilia nani? Walimshangilia mzee! Murhula alipanda, Cirhuza akavuna. Lakini miaka ile haikumuuma, kwa sababu walishuka jukwaani pamoja na kurudi nyumbani pamoja, wakicheka njia nzima.

Siku moja akaja mama mmoja mwongozaji wa filamu kutoka Kinshasa, akitafuta mtu wa kuigiza polisi. Wote wawili wakajaribiwa. Murhula alisema maneno aliyopewa bila kukosea hata herufi. Cirhuza aliyasahau katikati, akajikuna kichwa, akacheka mwenyewe, akaendelea na ya kwake. Yule mama akamchagua Cirhuza.

"Nenda, ndugu yangu," Murhula alimwambia siku ya safari, akimnyooshea kola ya shati. "Ukirudi utanisimulia."

Na alisema kweli, hakuwa na kinyongo. Mnaona? Wivu haukuja siku ile. Ulikuja polepole, kama unyevu ukutani. Ulikuja pale Cirhuza alipopata filamu ya pili, kisha ya tatu. Ulikuja aliposikika kwenye redio akizungumza kutoka Dakar, halafu kutoka Brussels. Mchekeshaji yule wa kuanguka na viti akaanza kupewa nafasi za huzuni, na watu waliokwenda kumcheka wakatoka wanapangusa macho. Mwishowe akaacha kungoja kuitwa na wengine. Akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe.

Na Murhula? Alibaki na chaki yake.

Wanafunzi walimuuliza, "Mwalimu, ni kweli uliwahi kuigiza na Cirhuza?"

"Yeye ndiye aliyeigiza na mimi," alijibu, akageukia ubao ili wasimwone uso.

Jioni moja Cirhuza aliulizwa redioni alijifunza wapi kazi yake. Akasema, "Bukavu, kwa rafiki yangu mmoja mwenye akili sana." Mtu mwingine angefurahi. Murhula alilikamata lile neno "mmoja" likamkaba kooni wiki nzima. Rafiki mmoja! Jina langu limekuwa zito kiasi gani hata halitamkiki? Na siku iliposikika kwamba filamu fulani ya Cirhuza imeanguka, watu wametoka ukumbini kabla haijaisha, Murhula alipita buchani, akanunua nyama ya kutosha, akaingia kwake akipiga mluzi.

Mke wake, Nsimire, alipokea ule mfuko akamtazama. "Baba Ashuza, leo kuna sikukuu gani?"

"Mtu hawezi kula nyama mpaka sikukuu?"

Wapendwa, msicheke. Au chekeni, lakini kila mmoja ajicheke mwenyewe. Ni nyama ya nani tumeila sisi, kwa habari mbaya ya nani?

Basi, Cirhuza akarudi. Alirudi Bukavu na magari, na kamera, na watu wa kushika taa, kutengeneza filamu yake kubwa nyumbani kwao. Ilikuwa habari ya mama anayeuza samaki wadogo wa ziwani, ambaye mwanawe ameingia mgodini na hajatoka. Cirhuza alikwenda kwa Murhula siku ya kwanza kabisa, akamkumbatia mlangoni, akamwomba aigize baba wa yule kijana.

"Anasema maneno mangapi, huyo baba?" Murhula aliuliza.

"Machache. Lakini mazito."

"Na mhusika mkuu?"

"Mhusika mkuu ni mama."

Murhula akatabasamu kwa meno tu. "Nina mitihani ya kusahihisha."

Tangu siku ile hakulala vizuri. Mji mzima ulikuwa Cirhuza, Cirhuza. Muuza mkate anamtaja, padri anamtaja, mkuu wa shule anataka kupiga naye picha. Hata mkewe, wakiwa mezani, alianza kusema, "Baba Ashuza, nina jambo nataka kukuambia. Ni kuhusu hii filamu..."

"Jina la mtu yule lisiingie kwenye sahani yangu!" Murhula alifoka.

Nsimire akaondoa vyombo mezani. Kesho yake akajaribu tena, akakatizwa tena. Hakujaribu mara nyingine.

Sasa sikilizeni alichofanya huyu mwalimu. Katika mtaa ambao Cirhuza alitaka kupiga filamu yake, walikuwapo akina mama waliopoteza wana wao machimboni kweli kweli. Walikuwa na chama chao cha kufarijiana, na kiongozi wao aliitwa Mama Nabintu. Walikuwa wamekubali kufungua nyua zao. Wengine walikuwa tayari kupita mbele ya kamera na beseni zao kichwani. Murhula akavaa koti, akaenda kwa Mama Nabintu, akakaa, akauliza habari za afya. Kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Mama, mnajua yule kazi yake ni nini?"

"Si anatengeneza filamu?"

"Mchekeshaji, mama. Mimi nimepanda naye jukwaani, namjua nje ndani. Kila alichowahi kukigusa amekigeuza kichekesho. Watu wa Ulaya watakaa kwenye viti laini wakiwacheka mnavyolia."

Mama Nabintu alishika kifua. "Wewe ni mwalimu. Huwezi kunidanganya."

"Nikudanganye nipate nini?"

Swali zuri! Apate nini? Je, angepata filamu? Angepata safari ya Dakar? Hakuna hata kimoja. Alitaka tu mwenzake akose. Mwizi, angalau, anapoiba anaondoka na kitu mkononi.

Asubuhi magari ya filamu yalipofika mtaani, yaliwakuta akina mama wameketi barabarani, kanga zimefungwa viunoni, hawataki kusikia neno. Cirhuza alipiga magoti mbele yao, akaapa, akaeleza. Kadiri alivyosihi kwa ule uso wake, ndivyo walivyozidi kusema, "Mwoneni, anatuigizia!" Siku zikapita. Watu wake hawakuweza kungoja zaidi. Ikaamuliwa waende mji wa Uvira, kusini, waanze upya huko.

Murhula alizisikia habari hizo akiwa darasani. Alipata raha gani? Alingoja raha ije, haikuja. Kilichokuja ni kiu tu ya kusikia habari zaidi.

Siku ya kuondoka, Cirhuza alipita nyumbani kwa Murhula kuaga. Nsimire alileta chai. Cirhuza hakukinywa kikombe chake. Alimgeukia Nsimire akasema, "Shemeji, nisamehe. Nimehangaika mpaka nimeshindwa. Fikiria tena, nakusihi. Twende Uvira."

Murhula aliweka kikombe chini. "Shemeji yako aende Uvira kufanya nini?"

Cirhuza akamtazama yeye, akamtazama mke, akashangaa. "Hukumwambia?"

Nsimire alikuwa akitazama sakafu.

"Ndugu yangu," Cirhuza akasema, "yule mama wa kwenye filamu, mhusika mkuu, ni huyu mkeo. Alikuja na jirani zake ukumbini tulipokuwa tukiwajaribu waigizaji, wao walitaka nafasi za kupitapita tu. Nikamwambia kila mwanamke, kaa hapo, mngoje mwanao. Wengine walilia, wengine walipiga kelele. Huyu alikaa tu. Alikaa na kungoja, na ukumbi mzima ukanyamaza. Nimefanya kazi na waigizaji wakubwa, lakini sijaona mtu anayengoja namna ile. Ameshajifunza maneno yote. Na sasa hataki kuja."

"Nitakuja vipi?" Nsimire alisema taratibu. "Akina mama wamesema ni dhihaka. Mimi ninaishi nao. Nikirudi nitaketi na nani?"

Cirhuza akatikisa kichwa. "Kuna mtu aliwajaza maneno wale akina mama. Murhula, wewe unakaa hapa. Hukusikia ni nani?"

Wapendwa, hapo palikuwa na mlango wazi. Neno moja tu, na magari yangegeuka. Murhula alifungua mdomo. Akasema, "Watu wa huku wana maneno mengi."

Cirhuza akamkumbatia, akaondoka.

Nsimire akaanza kukusanya vikombe. Hakulia. Mumewe alisimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akasema, "Mama Ashuza, mimi sikujua."

"Sasa nimeamini kwamba hukujua," mkewe alijibu. "Mama Nabintu aliniambia siku ile ile kwamba maneno yametoka kwako. Siku zote hizi nimedhani ulipata habari zangu mahali. Nimedhani ni mimi uliyekuwa unanizuia."

"Ulijua? Mbona hukusema mbele yake?"

"Ningesema nini? Kwamba mume wangu ananionea wivu?"

"Si wewe!" Murhula alipiga kelele. "Si wewe niliyekuonea wivu! Ni yeye!"

Nsimire akamtazama, vikombe mikononi.

"Na aliyekosa ni nani?"

Murhula alikwenda kwa Mama Nabintu asubuhi yake, akasimama mbele ya wanawake wote, akasema, "Niliwadanganya." Walimzomea, wakabishana siku kadhaa, halafu wakatuma mtu Uvira na ujumbe wa kuomba radhi. Cirhuza aliupokea ujumbe, na alisamehe. Lakini kamera zilikuwa zimekwisha kuanza, na mwanamke mwingine alikuwa ameshavaa nguo za yule mama.

Mwaka uliofuata filamu ikaletwa Bukavu, ikaonyeshwa katika ukumbi ule ule wa parokia. Nsimire alisema anataka kwenda, na Murhula akaenda naye. Ukumbi ulijaa. Yule mwanamke wa Uvira aliigiza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Watu walilia. Kisha ikafika sehemu ya mama kumwita mwanawe kwenye mdomo wa mgodi, na Murhula akageuka kumtazama mkewe.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Bila sauti. Alikuwa anayasema maneno yote, moja baada ya jingine, pamoja na yule wa kwenye skrini, na mara nyingine akimtangulia.

Murhula aliutazama ule mdomo mpaka taa zikawashwa.

Sasa, sisi tuliokaa hapa. Msiniambie mnamhurumia Murhula, semeni mnamfahamu. Sisi tunadhani wivu ni silaha, kwamba tunamlenga jirani, tunamlenga mfanyakazi mwenzetu, tunamlenga mwanakwaya anayeimba kutupita, na tukifyatua ataanguka yeye. Cirhuza alianguka? Alikwenda Uvira! Neema ambayo Murhula aliifungia njia ilikuwa inakuja nyumbani kwake mwenyewe. Mungu alikuwa ametuma baraka mlangoni pake, na aliyeibeba alikuwa mtu yule yule ambaye Murhula hakutaka kumwona. Sisi tumewafukuza wangapi bila kuuliza walichobeba?

Tena msidhani kutubu kwake kulikuwa bure. Mungu alimpokea. Mkewe pia alimpokea, na wanaishi pamoja. Lakini msamaha haukuwarudisha Bukavu wale watu wa kamera. Kuna vitu tunavyosamehewa na bado hatuvirudishi.

Najua kuna jina lililowapitia kichwani nilipokuwa nikisimulia. Kila mmoja analo, hata mimi ninalo hapa nilipo. Sikuombi uje unitajie. Nenda nalo nyumbani. Ukifika, litaje kwa wema mbele ya watu wako, kwa sauti, mpaka wote wasikie. Kisha nyamaza, uwatazame nyuso zao. Huenda yupo mmoja kati yao aliyekuwa akikuogopa, na ana jambo la kukuambia, na bado hujachelewa kulisikia.