Jina la Chura wa Taita

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwenye vilima vya Taita walikuwako watafiti wawili, Wakesho na Mkamburi. Walisoma pamoja, wakatafiti vyura pamoja. Wakesho alipima na kuandika. Mbele za watu aliyezungumza ni Mkamburi, maana Wakesho akipanda jukwaani ulimi ulikuwa mzito.

Siku moja msituni Mkamburi alisimama ghafla. "Sikiliza. Huyu hatujawahi kumsikia."

Wakapekua majani yaliyooza mpaka wakampata: chura mdogo kama ukucha, asiyejulikana na mtaalamu yeyote.

Kabla hawajamtangaza, Mkamburi aliugua. Alipoona haponi, alimwambia mwenzake, "Utakwenda kuzungumza wewe. Na huyo chura umpe jina la mama. Sina kingine cha kumwachia." Akafariki.

Wakesho akaandaa mhadhara, lakini kila alipofika kwenye neno "tulimsikia," sauti ilikatika. Akaenda kuufanyia mazoezi kwa Mama Majala, mama yake Mkamburi. Mama akaketi, akamsikiliza. Kesho yake akamsikiliza tena. Kila mara alilia, na kila mara alisema, "Rudia, mwanangu." Mpaka maneno yakamkaa kichwani.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wakesho alipanda, akageuka kando kwa mazoea kumtafuta Mkamburi. Hakuwepo. Maneno yote yakampotea.

Watu wakangoja. Ndipo Daktari Mwadime, mwalimu aliyewafundisha wote wawili, akauliza kwa upole, "Binti, huyo chura analia vipi?"

Wakesho akafumba macho, akauiga mlio kama Mkamburi alivyouiga siku ile njiani wakirudi nyumbani. Alipofumbua macho aliendelea, akasema hadi mwisho, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Likabaki jina. Wakesho alitaka kutimiza wosia wa rafiki yake, lakini Mama Majala akakataa. "Mimi naitwa kila siku sokoni. Mwanangu siku hizi haitwi na mtu. Mpe yeye, ndiye aliyemsikia kwanza."

Daktari Mwadime naye akasema taratibu, "Mimi sikujaliwa mtoto. Nikifa, jina langu limekwisha. Na siku ya mkutano ningenyamaza, chura huyo angebaki msituni bila kujulikana."

Wakesho akashika kalamu. Chura ni mmoja, jina ni moja. Nanyi mnaonisikiliza, kalamu ile ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani: Mkamburi, mama yake, au mwalimu wao?