Mstari Mmoja kwenye Jiwe la Mbaruku

Hapo zamani, lakini si zamani ya mababu, maana simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia hata Pangani, alikuwapo mjane aitwaye Bi Mgeni. Mumewe, Mbaruku, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja aliugua melini, akashushwa kwenye kisiwa cha Sardinia, kisiwa cha Italia katika bahari ya Mediterania, na huko akafa. Baharia mwenzake ndiye aliyeleta habari. Alisema Mbaruku amezikwa kwenye kijiji cha wachonga mawe, kaskazini-mashariki mwa kisiwa, na waliomzika walikuwa watu wema. Akakitaja kijiji kwa jina. Bi Mgeni akalihifadhi jina hilo kichwani, akalea watoto wake, akazeeka.

Alipoanza kushindwa na ngazi za baraza yake mwenyewe, aliita watu wake akawaambia, "Nataka kwenda kwa baba yenu. Nataka kusimama pale alipolala. Msiniambie ni mbali. Najua ni mbali."

Watu wake walikuwa watatu.

Wa kwanza ni Shekue, mwanawe mkubwa, fundi cherehani.

Wa pili ni Saumu, binti yake, aliyekuwa akiishi Italia, mji wa Genoa, akitunza wazee. Huyu Saumu, kabla hajahamia huko, alikuwa akiendesha gari likapinduka karibu na Segera. Ndani ya gari alikuwamo mdogo wake, Kibwana. Saumu alipona, Kibwana akafa. Tangu siku hiyo Saumu hakushika usukani.

Wa tatu ni Mwantumu, mjane wa Kibwana. Eda ilipokwisha watu walitazamia arudi kwao. Hakurudi. Alibaki kwa mama mkwe wake, akimpikia na kumkanda magoti.

Wakaomba ruhusa ya kuingia Italia. Bi Mgeni akapewa, Mwantumu akapewa, Shekue akanyimwa. Majirani walipokuja kumpa pole walimkuta sakafuni, ametandaza ramani ya kisiwa juu ya mkeka.

"Sasa ramani ya nini, na wewe huendi?" wakamuuliza.

"Nimenyimwa safari," alisema Shekue. "Sikunyimwa ramani."

Kila siku baada ya kufunga cherehani aliinamia ramani ile. Alilaza uzi juu ya barabara, ukafuata kona baada ya kona, kisha akaunyoosha kwenye futi yake ya kupimia nguo. Hivyo ndivyo alivyojua urefu wa njia. Alipiga simu kisiwani, akakosea, akapiga tena, akisaidiwa na Saumu kwa lugha ya kule, mpaka akampata mchonga mawe mmoja, Efisio, ambaye baba yake ndiye aliyemzika Mbaruku. Kaburi lipo, Efisio alisema. Kibao chake cha mti kimeoza, lakini mahali panajulikana.

Ndipo wakaketi kupanga safari yenyewe, Bi Mgeni na Mwantumu mkekani, simu katikati, na sauti ya Saumu ikitoka Genoa.

"Kaka, njia ni nyepesi," alisema Saumu. "Mama na wifi watatua Cagliari, kusini, mimi nitawapokea. Tunakata kisiwa katikati, tunapita milimani, jioni tumefika."

"Milimani kuna kona," alisema Shekue. "Mama akipelekwa Lushoto hutapika kabla hajafika Soni. Moyo wake huu hauwezi kutapika siku nzima. Mtapita pwani. Magharibi kwanza, halafu kaskazini, halafu mteremke mashariki."

"Huko si kuzunguka nusu ya kisiwa?"

"Ni zaidi ya nusu. Zungukeni."

Akawapangia. Hapa mtasimama, kuna choo kisicho na ngazi. Hapa mtaswali adhuhuri. Hapa mama atameza dawa, anyooshe miguu. Oristano mtalala. Alghero mtalala tena. Siku ya tatu mtafika kijijini. Siku ya nne akaiacha tupu.

"Hii ya nne tunafanya nini?" Saumu akauliza. "Tukae tu, na mimi nimeombea likizo kila saa?"

"Hiyo ni ya mambo nisiyoyajua," alisema Shekue. "Usiiguse."

Mwantumu akauliza lile ambalo wote walikuwa wakilikwepa. "Na dereva ni nani?"

Bi Mgeni akatazama ramani kana kwamba jibu limeandikwa baharini.

"Wa kukodi hatakubali kusimama kila mama anapotaka kusimama," alisema Saumu hatimaye. "Nimerudi shule ya udereva. Nimeanza juzi. Nitaendesha mimi, kama Mwantumu atakubali kupanda."

Mwantumu akaisogelea simu. Kisha akasema, "Nitakaa mbele, kando yako."

Siku ikafika, na ndege ikatua Cagliari. Saumu akawakumbatia, akachukua gari, akamweka mama yake nyuma na mito kila upande. Akaketi kwenye usukani. Akaingiza ufunguo. Akauchomoa. Akaurudisha. Akauchomoa tena.

"Mama, siwezi," alisema.

Bi Mgeni akaweka kiganja chake begani mwa binti yake. "Saumu, Kibwana nilimzaa mimi. Na mimi nimepanda gari lako. Washa."

Saumu akawasha.

Siku ya kwanza aliendesha kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Magari yalimpita, yakampigia honi, hakuharakisha. Siku ya pili bahari ilikuwa kushoto kwao, buluu iliyokolea, na Bi Mgeni akala zabibu akauliza majina ya miji. Hakutapika hata mara moja. Walisimama pale Shekue alipopanga, na vyoo vilikuwa kama alivyosema. Kila wakisimama Saumu alishuka, akaegemea mlango wa gari, akapumua, akarudi kwenye usukani.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi ilikuwa imekatika, wakaondoka. Walipobakiza mwendo mfupi wakakuta polisi wameweka vizuizi. Mlima ulikuwa umeporomoka juu ya lami, mawe makubwa kama vibanda. Kijiji kilionekana juu ya kilima ng'ambo ya pili, kuta za kijivu, mnara wa kanisa, moshi wa jiko la mtu. Kati yao na kijiji palikuwa na maporomoko, na juu ya maporomoko njia ya mbuzi.

Polisi akamweleza Saumu kwamba barabara haitafunguka wiki hii. Njia iliyobaki ni kurudi nyuma na kuzungukia ndani, milimani.

Wakampigia Shekue. "Rudini," alisema. "Siku ya akiba mnayo. Laleni, kesho mpite milimani polepole."

"Shemeji, hujauona uso wake," alisema Mwantumu. Bi Mgeni alikuwa ameegemea mito, midomo imekauka, mkono kifuani. "Safari imeshamchosha. Ukimpitisha kwenye kona hizo kesho, atafika maiti."

"Kwa hiyo tumrudishe Cagliari?" akauliza Saumu.

Bi Mgeni akafumbua macho. "Nimekiona kijiji," alisema. "Mimi sirudi nyuma. Kona hizo nitazivumilia nikishamwona baba yenu."

Mwantumu akashuka. Akafungua kanga yake, akachukua na ya mkwewe, akazifunga pamoja. "Mama, njoo mgongoni," alisema. Akamfunga mbeleko kama mtoto.

Polisi akaanza kukataza. Saumu akazungumza naye kwa Kiitaliano, sauti ya chini, muda mrefu, mpaka yule mtu akageuza uso kutazama upande mwingine. Kisha Saumu akasema, "Kupanda atapanda na wewe, wifi. Kushuka je? Mteremko huu utakuangusha, na ndege haitusubiri. Nitaleta gari kwa njia ya milimani. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni."

"Peke yako?" aliuliza Mwantumu.

"Peke yangu."

Wakaachana pale. Mwantumu akashika njia ya mbuzi. Mawe yaliteleza chini ya viatu, akavivua akaenda pekupeku. Alianguka kwa magoti, akainuka, magoti yakatoka damu.

"Mwanangu, nishushe upumzike," alisema Bi Mgeni mgongoni.

"Nikikushusha sitaweza kukunyanyua tena," alisema Mwantumu. Akaendelea.

Kileleni walimkuta mzee mwenye vumbi jeupe nyusini. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza naye. Bi Mgeni akasema neno moja: "Mbaruku." Yule mzee akavua kofia, akaweka mkono kifuani, akasema, "Efisio." Akawaongoza hadi makaburini, pembeni kabisa, karibu na ukuta. Mwantumu akafungua mbeleko. Bi Mgeni akasimama kwa miguu yake mwenyewe pale alipolala mumewe. Akasoma Fatiha. Kisha akaketi chini, akamsimulia marehemu habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, na habari za Kibwana aliziacha mwisho.

Wakalala kwa Efisio. Asubuhi gari likaingia kijijini, tope hadi madirishani. Saumu akashuka, macho mekundu, akaenda kaburini ufunguo ungali mkononi. Alikuwa amepita zile kona zote zilizokwepwa kwenye ramani, na mvua ilimkuta njiani.

Sasa ndipo penye shida.

Efisio alikuwa ameshachonga jiwe. Lilikuwa jiwe dogo, linalolingana na nafasi iliyopo kando ya ukuta. Juu aliandika MBARUKU, chini yake PANGANI. Mstari wa mwisho aliuacha mtupu.

"Baba yangu alikuwa na desturi," alisema, na Saumu akafasiri. "Mtu wa mbali akizikwa hapa, chini ya jina lake tunaandika jina la mtu aliyemfikia. Mstari ni mmoja, jina ni moja. Jiwe hili ni gumu. Herufi zikiwa ndogo zitameguka."

"Basi andika Mgeni," alisema Saumu.

"Mimi nilifikishwa," alisema Bi Mgeni. "Aandikwe aliyenifikisha."

"Andika 'watoto wake'," alisema Shekue kwenye simu.

"Mwantumu si mtoto wake," alisema Bi Mgeni.

"Andika 'waliofika'," alisema Mwantumu.

"Shekue hakufika," alisema tena Bi Mgeni.

"Familia," alisema Saumu.

"Familia ilikuwapo miaka yote hiyo na haikuja," alisema Bi Mgeni. "Semeni, kila mmoja. Msioneane haya."

Shekue akasema, "Mama, kaburi nimelitafuta mimi. Njia nimeichagua mimi, na kama mngekata milimani mlivyotaka, ungeishia kitandani hospitalini. Ile siku tupu mliyoilalamikia ndiyo inayowapa nafasi ya kuzungumza sasa hivi. Lakini nina neno kubwa kuliko hayo. Wenzangu wameugusa udongo wa baba. Mimi sitaugusa maisha yangu yote. Cha kwangu kitakachofika hapo ni jina tu."

Saumu akasema, "Mpango hauna magurudumu, kaka. Nimeendesha kuzunguka kisiwa na hofu imekaa mapajani mwangu. Halafu nikapita milimani peke yangu ili mama awe na njia ya kurudi. Jina langu linatajwa Segera, kila mtu anajua linatajwa kwa nini. Nataka lisomeke mahali pamoja ambapo nilimfikisha mtu."

Mwantumu alikuwa wa mwisho. Alizungumza akitazama magoti yake yaliyofungwa vitambaa. "Mpango ulifika kwenye maporomoko ukaisha. Gari lilifika hapo likageuka. Kutoka hapo mama alipanda juu ya mgongo wangu. Na nyinyi wawili mnaitwa kwa jina la Mbaruku, mtaitwa hivyo mpaka mfe. Mimi mume sina, mtoto sikuzaa naye. Nisipoandikwa kwenye jiwe hili, hakuna mahali patakapoonyesha kwamba nilikuwa wa nyumba hii."

Hakuna aliyembishia mwenzake. Jua lilikuwa limepanda, na njia ya kurudi Cagliari ilikuwa ndefu.

Bi Mgeni akainama, akapitisha kidole kwenye jina la mumewe, kisha akakiweka kwenye ule mstari mtupu. Efisio akapiga goti, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine.

"Chonga," alisema Bi Mgeni.

"Nichonge nani?" aliuliza Efisio.

Mimi msimulizi hapa nanyamaza, na patasi naiweka mikononi mwenu mlionisikiliza. Shekue alipanga, Saumu akaendesha, Mwantumu akabeba, na mstari ni mmoja. Je, ni jina la nani lililostahili kuandikwa kwenye jiwe la Mbaruku?