Tonge la Kwanza la Mahindi ya Meli

Hebu fumbeni macho, wanangu, mwone nyumba ndogo iliyobanwa na nyumba mbili kubwa. Wenye nyumba kubwa wamenuniana miaka na miaka. Hawapigani, ila kila mmoja humchungulia jirani mdogo: leo amemsalimia nani?

Nyumba hiyo ndogo ni nchi ya Mirembo. Zile kubwa ni Mashariki na Magharibi.

Mirembo ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Waziri Masanzu alijua kupatana na wageni. Chiduo wa redio aliaminika. Akisema mvua inakuja, watu huanua nguo. Bi Nyakato, kiongozi wa akina mama wa chama, alitunga nyimbo za kuamsha umati.

Mwaka ule mvua zilikataa, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Magharibi ikasema, "Mfukuzeni daktari wa Mashariki, tuwaletee meli ya mahindi."

Daktari huyo, Ludmila, alikuwa akimtibu Kheri, mwana wa Sikudhani, aliyezaliwa na miguu iliyopinda. Mguu mmoja alikwisha kuunyoosha na kuufunga plasta ngumu. Wa pili ulikuwa ukingoja.

Waziri Masanzu akapatana na Magharibi, akatia sahihi amri ya kumfukuza.

Watu wangemficha daktari wao. Lakini Chiduo akatangaza kwamba ni jasusi, akijua si kweli, nao wakaamini.

Magharibi ikataka kuona kama wananchi wameridhika. Bi Nyakato akawapeleka akina mama uwanja wa ndege, wakamzomea daktari kwa wimbo. Yeye, aliyekuwa amejifunza lugha yao, alisimama kwenye ngazi akausikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Sikudhani, aliyekuwa katika umati ule: "Mama Kheri, plasta isilowe maji."

Meli ikaja. Njaa ikaisha.

Desturi ya Mirembo ni hii: njaa ikiisha, ugali wa kwanza hupikiwa uwanjani, na aliyeleta chakula humega tonge la kwanza. Kabla yake hakuna anayenawa. Zamu ya kupika ilimwangukia Sikudhani.

"Sahani ije huku," alisema Waziri. "Bila sahihi yangu mngekuwa mnatafuna majani."

"Mheshimiwa, bila redio nani angeitii hiyo sahihi?" Chiduo alicheka.

"Hebu nyamazeni! Ninyi mlikaa kivulini," alisema Bi Nyakato. "Aliyechomwa jua ni mimi na wanawake wangu."

Sikudhani akaitua sahani, akamsimamisha Kheri kando yake.

"Amege mwenye haki," alisema. "Hata mwanangu yu hai kwa mahindi haya. Ila akishameza, amwambie Kheri mguu wa pili utanyooshwa na nani."



"Aanze Chiduo," Waziri alinong'ona.

"Mimi? Mimi nilisoma nilichopewa. Bi Nyakato, karibu."

"Wimbo niliagizwa," alisema Bi Nyakato, akifunika uso kwa kanga.

Ugali ukaanza kupoa. Watu wote walitazama chini, maana kila mmoja alikwisha kuisikia harufu yake na kuitamani.

Je, ninyi mngeamua vipi? Nani amege tonge la kwanza, na amwambie nini mtoto? Fikirini polepole, msigombane. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: wakati sisi tunafikiri, Kheri amesimama kwa mguu mmoja.