Paka wa Ghorofani

Bi Mwanasiti alifiwa na mumewe, Mungu amrehemu, akabaki na Kaniki, paka mweusi wa marehemu, katika chumba cha kupanga ghorofani. Alimpenda paka yule kama kumbukumbu ya mwisho. Siku moja mwenye nyumba, Bwana Mbwarali, akagonga mlango kwa bakora.

"Mpangaji hafugi mnyama humu. Hitima ya mumeo ikishasomwa, paka atoke. Asipotoka, utatoka wewe."

"Na wewe, bwana, unaruhusiwa kufuga?"

"Mimi? Nyumba yangu hii! Nikitaka, nafuga hata ngamia."

"Haya, baba. Baada ya hitima sitakuwa na mnyama."

Siku ya hitima wanaume walijaa barazani. Dua ilipokwisha, sheikh akanyanyua kikapu kilichofunikwa kawa.

"Mjane anatoa sadaka ya marehemu kwa jirani yake, Bwana Mbwarali. Unaipokea?"

Bwana Mbwarali, aliyependa sana kusifiwa mbele za watu, akanyoosha mikono yote miwili. "Naipokea kwa moyo mkunjufu!"

Kawa ikatikisika, Kaniki akachomoza kichwa. Baraza zima likaangua kicheko, na sadaka hairudishwi.

Asubuhi Kaniki alikuwa amejilaza kitandani kwa Bi Mwanasiti. Bwana Mbwarali akapanda ngazi akihema.

"Nilikwambia nini kuhusu mnyama?"

"Sina mnyama, bwana. Paka ni wako, nyumba ni yako, nani atamzuia kutembea? Mimi nakuangalizia tu. Sasa teremka umletee dagaa, na wasiwe wa jana, Kaniki hawapendi."