Kwa Nini Mbwa Huondoka na Mfupa Wake

Mwenye mbwa nyumbani kwake na asogee karibu, na asiye naye asikilize vivyo hivyo, maana haya yaliwapata watu kama sisi, wenye nia njema na vichwa vigumu.

Hapo kale mbwa hakula kama alavyo leo. Alikula amesimama, katikati ya watu, mkia ukitikisika. Hakumngurumia mtu, wala hakuchukua chakula chake akaenda kujificha nacho nyuma ya nyumba. Ukimtupia kitu alikidaka hewani, akakimeza, kisha akakutazama usoni akingoja kingine. Alimwamini binadamu kupita kiasi, na imani hiyo, kama mtakavyosikia, ilimtokea puani.

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Kwembago, cha wawindaji watupu. Walilima mtama kidogo wa uji, basi. Riziki yao nyingine yote ilitegemea miguu ya mbwa, kwa kuwa mbwa ndiye aliyenusa, akafukuza, akamzingira nguruwe pori hadi mtu afike na mkuki wake akitweta. Kwa hiyo walimheshimu mbwa, tena heshima ya kweli, na kwa watu wa Kwembago heshima ilipita chunguni. Nyama mbichi na mifupa mibichi vilikuwa vya fisi. Kumpa mbwa wako mfupa mbichi kulikuwa sawa na kumwambia mbele za watu kwamba hana kwao. Mfupa wa mbwa ulipikwa. Ulichemshwa tangu alfajiri katika chungu kikubwa chenye mpishi wake maalumu, mwanamke mmoja tu, na kazi hiyo ilirithiwa ndani ya ukoo mmoja.

Windo likifana, mbwa walipangwa uwanjani, watu wakawazunguka, na mpishi akamtupia kila mmoja mfupa wake huku kijiji kizima kikipiga makofi. Mbwa aliyemaliza kwanza ndiye aliyeongoza windo lililofuata, na bwana wake alipewa kidari cha mnyama. Mnaona wenyewe mambo yalikoelekea. Mbwa walijifunza kumeza. Mbwa aliyetafuna alichekwa, na bwana wake akachekwa zaidi.

Wakati ninaousimulia, mpishi wa chungu hicho alikuwa Chambi, mke wa Sekuro, mkuu wa wawindaji. Chungu alikirithi kwa shangazi yake, Mame Luhizo, nacho hakukirithi kwa furaha. Mbwa walikuwa wamekufa mikononi mwa Mame Luhizo, mmoja baada ya mwingine, na wazee wakaamua kwamba ana mkono mbaya. Sheria ya Kwembago kwa mpishi mwenye mkono mbaya ilikuwa moja: huondoka, asirudi, na asiguse tena chungu maishani mwake. Walimpandisha kwenye vilima vya mawe akiwa na jike moja la mbwa lenye mimba, ambalo hakuna aliyelitaka kwa kuwa lilikula mkononi mwake. Chambi alikuwa bado mwari ndani siku hiyo. Aliambiwa baadaye kwamba simba walimaliza kazi, naye akaamini, kama alivyoamini kila mtu.

Sasa zamu ilikuwa yake. Alipika kwa moyo wote, akafunika, akachochea, akaonja mwenyewe mchuzi kama anayewapikia wakwe. Hata hivyo, katika karamu ya mavuno ya mtama, mbwa mmoja shupavu alidaka mfupa wake, akaumeza, akasimama kimya. Kisha akaanza kukwangua mdomo wake kwa kucha. Makofi yaliendelea kidogo kwa sababu watu wa nyuma hawakuona. Mbwa akazunguka, akaanguka ubavu, ulimi ukageuka rangi, akafa palepale miguuni pa watu waliokuwa wakimshangilia. Chambi alibaki na mikono yake hewani. Hata kulia hakulia.

Wa pili hakufia uwanjani. Alikula vizuri, akapigiwa makofi, akaenda zake. Baadaye akaanza kukataa maji, tumbo likakaza, akatoa damu, akafa mlangoni pa bwana wake. Hapo minong'ono ilianza. Wanawake waliokuwa wakiteka maji na Chambi wakawa wanamaliza kuteka kabla hajafika.

Sekuro alimwita mkewe ndani akaongea naye kwa upole, na upole wake ulimtisha kuliko makelele. Alimwambia kwamba sheria hakuitunga yeye, na kwamba mbwa mmoja zaidi akifa, hata yeye hataweza kumkinga. Ataondoka, na watoto watabaki. Walikuwa na watoto wawili, na mdogo alikuwa bado hajaacha kubebwa.

Mama mwingine angekimbia mapema. Chambi alifanya kile ambacho kila mtu wa Kwembago angekifanya: alizidisha heshima. Alisema labda mifupa haijaiva vya kutosha. Akaanza kuichemsha mchana na usiku, akaitoa, akaikausha kando ya moto, akairudisha tena, hadi ikawa myeupe na mikavu kama chokaa. Aliitazama akaona imependeza. Siku ya karamu, mbwa watatu walikufa kabla jua halijatua.

Watu walimtazama tu, na wale waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma. Sekuro alisimama, akataja sheria kwa sauti isiyo yake, akaketi. Wifi yake Chambi alimtoa mtoto mdogo mgongoni mwa mama yake. Chambi anasemekana kusema neno moja tu, jina la mtoto yule, kisha akaelekezwa vilimani. Alipogeuka nyuma aliona mbwa anamfuata. Alikuwa Sisemi, mbwa wa mumewe, aliyeitwa hivyo kwa sababu habweki ila kuna jambo. Alimfukuza kwa mawe, akakataa kurudi.

Walipanda hadi mchana wa siku iliyofuata. Juu ya vilima, pale ambapo Chambi alitarajia kukuta mifupa ya shangazi yake, alikuta moshi. Kisha akakuta uwanja uliofagiliwa. Kisha akamkuta Mame Luhizo mwenyewe, mzima, mnene kidogo, ameketi kwenye jiwe akichuna sungura. Na mbwa! Mbwa wakubwa kwa wadogo, manyoya yanang'aa, zaidi ya mbwa wote waliobaki Kwembago. Chambi akaketi chini. Huyu mwanamke mwenye mkono mbaya, ambaye mbwa walimfia kila msimu, huku vilimani alikuwa hajapoteza hata mmoja.

Mame Luhizo hakuuliza sana. Alimwona mpwa wake hana mzigo, akaelewa. Alimpa maji, akampa nyama ya kuchoma, na kwa ukarimu akamtupia Sisemi kipande kidogo cha mfupa mbichi kilichokuwa karibu. Chambi alishtuka kwa aibu, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mbwa wa kwao akipewa chakula cha fisi. Lakini aibu haikukaa. Sisemi alifanya alivyofundishwa: alikidaka, akakimeza akiwa wima, na kikamkwama.

Mambo yote yalirudi upya mbele ya macho ya Chambi, kucha mdomoni, kuzunguka, ulimi kubadilika. Alifunika uso. Mame Luhizo hakufunika wake. Alimpanua mbwa taya, akachungulia, akajaribu kwa vidole viwili, akaona akisukuma kitazidi kuzama, akaacha. Akamshika miguu ya nyuma, akamwinua kichwa kikining'inia chini, akampiga kwa kiganja kati ya mabega, tena na tena. Kipande kikaruka nje kikaangukia majivuni. Sisemi alikohoa, akatapika mate, akapumua.

"Kosa langu, mwanangu," alisema Mame Luhizo, akitweta. "Nimesahau kwamba huyu ni wa kwenu. Wa kwenu hawajui kutafuna."

Ndipo akamwonyesha. Aliingia pangoni akatoka na shingo ya swala, mbichi, na nyama imeishikilia, kubwa kuliko mdomo wa mbwa yeyote pale. Alisema mfupa wa paja la nyati hawapi, maana humvunja mbwa meno. Aliiweka mbele ya jike mmoja, akarudi nyuma, akaketi kimya. Jike hakuweza kuimeza. Aliichukua akaenda nayo kando, akalala kifudifudi, akaishika kwa miguu miwili ya mbele, akaanza kuiguguna polepole kwa meno ya pembeni. Alichukua muda mrefu. Mame Luhizo hakumsemesha wala kumwacha peke yake. Mfupa ulipopungua ukawa wa kutosha kumezwa, alimpelekea kipande cha nyama laini, wakabadilishana, na ule mfupa mdogo akautupa motoni.

Chambi aliuliza ni nani aliyemfundisha yote yale. Shangazi yake alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la kitoto.

"Mlinikataza chungu," alisema. "Mfupa ningeupika katika nini?"

Chambi aliutazama mfupa ukiungua motoni. Ilimwingia taratibu, na kila ilipoingia ilimkata. Si mkono wa shangazi uliokuwa mbaya, wala wake. Ni chungu. Kila ukuni aliouongeza, kila alfajiri aliyoamka kuwahi moto, alikuwa akiwanolea mbwa kifo chao. Wale watatu wa mwisho aliwaua kwa kuwapenda zaidi. Alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, na Mame Luhizo akamwacha alie hadi achoke.

Walishuka pamoja, na mbwa wote nyuma yao. Watu wa Kwembago walipomwona Mame Luhizo akiingia uwanjani, wengine walikimbilia ndani wakidhani ni mzimu. Chambi alikwenda moja kwa moja kwenye chungu kilichoachwa, akatoa ubavu uliopikwa, akauvunja mbele ya mumewe. Ulipasuka vipande vyembamba vyenye ncha. Akachukua kimoja akakiweka katika kiganja cha Sekuro, akamfumba vidole. Sekuro alipoufumbua mkono, ulikuwa unatoka damu.

"Hiki ndicho tulichokuwa tukiwapigia makofi," alisema Chambi.

Kisha akampa Sisemi shingo mbichi, mbele ya wote. Watu waliguna kwa aibu, na mzee mmoja akageuza uso. Sisemi aliitazama, akawatazama watu waliomzunguka, akaiuma akapita katikati ya miguu yao, akatoka. Alikwenda hadi nyuma ya nyumba ya mwisho, akalala, akaishika kwa miguu ya mbele. Sekuro, kwa furaha, alimfuata akitaka kumpapasa kichwa. Na yule mbwa ambaye hakuwahi kumtolea bwana wake sauti hata siku moja, akanguruma. Sekuro alisimama palepale.

Chambi alirudishiwa watoto wake jioni ileile. Wazee walimwangukia Mame Luhizo, wakamwomba arudi, wakampa na nyumba. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaitikia kwa adabu, akafunga kanga yake vizuri kiunoni. Aliwaambia mbwa wamekwisha kujifunza, ila wao bado hajawaona wakijifunza. Akapanda vilima vyake.

Na tangu siku hiyo, mwindaji anayejua kazi yake humpa mbwa mfupa mbichi, mkubwa kuliko mdomo wake, akaketi mbali kidogo akimwangalia bila neno, na unapokuwa mdogo humbadilishia kwa nyama. Uliopitia jikoni hampi, hata akimwombaje kwa macho. Na tangu siku hiyo mbwa akipata mfupa huondoka nao, akalala chini kifudifudi, akaukumbatia kwa miguu ya mbele, na ukimsogelea hunguruma. Watu husema ni uchoyo. Si uchoyo. Kula alifundishwa na mwanamke tuliyemfukuza, na mbwa bado anatusubiri tumwombe mwanamke yule radhi kama inavyostahili.