Koti la Chusi

"Fua koti kabla ya kuchimba korongo." Mmeisikia, mkacheka, na sasa mnataka kujua koti lilikuwa la nani. Tulieni basi, na anayetafuna mahindi atafune polepole. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, watu walipokuwa wakimiminika Korongo la Nsesi kutafuta dhahabu, alikuwapo kijana wa Kihehe aitwaye Chusi. Alichota mchanga wa mto kwa karai, akauzungusha majini taratibu mpaka zikabaki chembe za njano, akazitia mfukoni mwa koti lake. Jioni akipapasa mfuko, haambulii kitu ila makombo ya muhogo.

Chusi hakuwa na shaka: wezi ni majini wa korongo. Mganga naye akathibitisha, akala jogoo wa watu, akaagiza: "Koti hilo lisifuliwe wala lisigeuzwe nje ndani. Ukilifua, umefua bahati yako."

Chusi akatii kiangazi kizima. Koti likakakamaa kama ngozi ya ngoma. Akilivua, linasimama lenyewe.

Lakini lililomkosesha usingizi si harufu. Alimpenda Atuganile, na baba yake binti alikwisha sema: "Nataka pete ya dhahabu uliyoitoa mtoni kwa mikono yako. Mvua zikikukuta mikono mitupu, namwoza mwingine."

Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Korongo likijaa maji, basi tena. Chusi akaamua kupanda kwenye magenge ya juu, ambako mawe yalikuwa yakiporomoka na kuua watu.

Asubuhi hiyo alipitia uji kwa Bibi Nyoni, Mngoni aliyepika mdomoni mwa korongo. Nanyi mnajua, Wangoni na Wahehe ni watani. Mtani akichukua chako, kununa ni aibu.

"We Mhehe," bibi akasema, "nzi wangu wameususa uji, wanakufuata wewe. Umewapa nini?"

"Niache, bibi. Leo napanda magengeni."

"Kufa? Haya, sisi watani wako ndio tutakaokuzika. Lakini koti hilo kaburini haliingii, wafu watahama. Vua!"

"Bibi, mwiko!"

"Mwiko ninao huku kwenye chungu. Vua!"

Akamvua kama anavyovuliwa mtoto, akalitosa koti ndani ya karai la Chusi mwenyewe, akapaka sabuni, akapanda juu, akalikanyaga huku akiimba. Chusi alishika kichwa, akaililia bahati yake kwa sauti hata wachimbaji wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Walipoona koti, wakashika mbavu. Maji yakawa chai, halafu yakawa tope.

Bibi akalikamua koti, akainua karai kumwaga.

Mikono ya Chusi ikalipokea. Si kwamba alifikiri. Ni mazoea tu. Mchimbaji akiona karai lina tope, mikono huzungusha. Akazungusha huku machozi yakimtoka, tope likapungua kidogo kidogo, na pale chini pakang'aa mstari wa njano.

Kicheko kikakatika.

Bibi Nyoni akaugeuza mfuko nje ndani. Ulikuwa na tundu, na chembe zote za kiangazi zilikuwa zimepenya zikajificha ndani ya bitana. Akachomeka kidole tunduni, akamchezeshea.

"Jini lako hili hapa. Lipe salamu."

Chusi akacheka mpaka akakaa chini.

Pete ilitoka nyembamba kama unyasi, hata bibi harusi akaonywa asijikune nayo kichwa. Mvua ya kwanza iliwakuta wakicheza ngoma. Mganga naye alifika, akidai dawa yake ndiyo iliyofanya kazi; akapewa shingo ya jogoo. Bibi Nyoni akalitwaa koti kwa haki ya utani, akacheza nalo mpaka vifungo vikaruka.

Tangu hapo, mtu wa Nsesi akifunga mzigo kwenda mbali kutafuta bahati, huambiwa kwanza akaguliwe mifuko. Nami nawaambia ninyi, na hasa wewe uliyeketi penye upepo ukatuletea harufu: fua koti kabla ya kuchimba korongo.