Komeo la Wikioni

Wamesimulia waliopokea kwa waliotangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa visiwa vya kaskazini, mji wa wanakili na wajalidi wa vitabu, paliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Mwanaate binti Athmani. Alisoma kwa Maalim Shekuwe, akiketi nyuma ya pazia na wanawake wenzake, tangu hajaolewa hadi akapata wajukuu.

Maalim alipoitikia wito wa Mola wake, ikafuatwa ada ya mji. Alimu akifariki, wanafunzi wake humwendea mjane kabla ya arobaini, kila mmoja akachagua kitabu kimoja katika sanduku la marehemu. Siku ya hitima, aliyechagua hukisoma mlango wa kwanza mbele ya watu. Tangu hapo kitabu kile huwa chake na yeye huwa wake. Akiteleza, watu humsuta nacho.

Sandukuni mlikuwa na vitabu viwili ambavyo Mwanaate hakuacha kuvifikiria. Kimoja kilikuwa tafsiri nene ya Kurani, yenye jalada jekundu lenye nakshi za dhahabu. Mwanamke atakayekishika ndiye angekalia mkeka wa Maalim na kuwasomesha wenzake. Cha pili kilikuwa kijitabu kilicholiwa pembe na mchwa, kinachoeleza haki za jirani. Hicho ndicho alichokipenda. Alikuwa akiwanukulia wakweze maneno yake, akiwanukulia wajukuu, hata muuza maziwa, ambaye hakuomba.

Basi kipi kilimzuia kukichukua? Bi Time.

Bi Time alikuwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Nyumba zao ziliunganishwa na wikio, ile njia ya juu inayowawezesha wanawake kupita nyumba hadi nyumba bila kushuka mtaani. Zamani wikio lile halikupoa kwa nyayo na sahani za vitumbua. Kisha Bi Time akaazima kinu cha Mwanaate, kikarudi kimepasuka. Mwanaate akasema maneno, akatia komeo mlango wa wikio kwa upande wake, na mji mzima ukaelezwa nani alivunja kinu. Jambo ambalo mji haukuelezwa ni kwamba kinu kilikuwa na ufa tangu kabla hakijaazimwa, na mwenyewe alikuwa akiujua.

Sasa akichagua kijitabu cha jirani, atakisoma na Bi Time yumo kikaoni. Akaenda akachukua chekundu.

Hapo ndipo utulivu ulipomhama. Alikiweka kitabu rafuni, akakihamishia kitandani, akakirudisha rafuni. Alikifungua akasoma ukurasa, akaurudia, asiambulie kitu. Alitia chumvi kwenye uji, akasahau, akatia tena. Akifagia, ufagio ulimpeleka hadi mlango wa wikio, naye akageuka haraka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Mumewe, Bwana Dumila, aliuonja uji akauweka chini.

"Mwanaate, hicho kitabu kinasema nini?"

"Ni tafsiri kubwa, bwana. Watu wa elimu wote wanakisifu."

"Sikuuliza nani anakisifu."

Mwanaate akakisogeza kitabu mbali na uji.

"Kile cha jirani ulikuwa ukinisomea mpaka nasinzia," akasema Bwana Dumila. "Hiki hujanisomea hata mstari. Ama kimekuwa kizuri mno kwa masikio yangu?"

Mwanaate akajifunika buibui, akatoka na kitabu kwapani. Njiani alirudi mara mbili. Mjane, Mwana Mtiti, alimpokea kwa uso wa mtu aliyekwisha choka na wageni.

"Mwanangu, hii ni nyumba ya eda, si duka la nguo. Juzi umechukua, leo unarudisha?"

"Nisamehe, mamaangu. Nimechukua kisicho changu. Sikifahamu. Nilikitaka kwa ajili ya ule mkeka."

"Na kile kidogo?"

"Kile nakifahamu. Ndiyo maana nakiogopa."

Mwana Mtiti akafunua sanduku, akampa kijitabu, akapangusa mchanga wa mchwa uliomwagika mapajani mwake. "Kichukue na mchwa wake," akasema. "Marehemu naye alikuwa akikiogopa."

Siku ya hitima wanawake walijaa hadi ngazini. Bi Time aliketi karibu na mlango, upepeo mkononi. Mwanaate akasimama, akasoma: "Ukitaka kuijua imani ya mtu, usimwulize imamu wake. Mwulize aliyepakana naye ukuta."

Akakwama. Wanawake walidhani mchwa wamekula maneno.

"Ninayepakana naye yupo hapa," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilimwambia kila mtu kwamba Bi Time alinivunjia kinu. Kinu kilikuwa na ufa nilipompa. Nilijua. Bi Time, nimekudhulumu, mbele ya Mungu na mbele ya hawa."

Mtu akakohoa. Upepeo wa Bi Time ukasita, kisha ukaendelea.

"Soma, Mwanaate," akasema. "Watu wana njaa."

Akasoma mlango wote. Mkeka wa Maalim ukapewa mwingine, na Mwanaate akala pilau bila kujua ladha yake, kwa kuwa "soma" si "nimekusamehe".

Alasiri alisimama mbele ya mlango wa wikio. Komeo lilikuwa limeota kutu, halikusogea. Akachukua mchi wa kile kinu, akaligonga.

"Nani huyo anavunja nyumba?" sauti ya Bi Time ikauliza kutoka ng'ambo.

"Jirani yako."

"Kumbe ninaye!"

"Komeo limekwama, dada yangu. Nakuomba ufungue upande wako, tusukume wote."

Nyayo zikasogea karibu na mlango.

"Upande wangu?" akasema Bi Time. "Upande wangu sikuufunga hata siku moja."

Mwanaate akaegemea mlango, akalia; kisha akauinua mchi tena.

Enyi wenzangu tunaopenda kusoma, vitabu vya kuonwa navyo ni vingi, wala havimsumbui mtu. Ukitaka kukijua kilicho chako, jiulize ni nani usiyetaka awepo ukikisoma kwa sauti. Mola aturuzuku elimu yenye manufaa, na nguvu za kufungua milango tuliyoifunga wenyewe.